Mimi Changamano, Yeye Sahili

Karatasi iliyobandikwa mlangoni ilisema kwa herufi kubwa kwamba USAHILI utaanza saa tatu asubuhi. Aliyeichapa alikusudia usaili, yaani waombaji wa kazi kuhojiwa, ila h ilijipenyeza katikati ikaleta neno lingine kabisa. Nikatabasamu peke yangu pale kwenye benchi, tabasamu la mtu anayekula kwa kusahihisha maandishi ya wenzake. Lilikauka nilipoitwa ndani. Swali la kwanza lilikuwa: "Hebu jieleze kwa maneno matatu."

Kumbe ile h haikukosewa. Walichotaka ni usahili hasa.

Nilijibu kama wanavyojibu wengi: "Mimi ni mtu wa kawaida tu, sina makuu, sina mambo mengi." Maneno yalishazidi matatu, lakini waliitikia kwa kichwa wakaandika. Majibu ya kweli yalianza kunijia nikiwa kwenye daladala, narudi nyumbani. Mbona sikusema kwamba mimi ni mpole, ila si mbele ya kondakta anayekalia chenji yangu? Kwamba ni mchapakazi mpaka saa saba mchana, na kuanzia hapo usinitegemee? Kwamba napenda watu, na nikikaa nao saa mbili natamani waende zao? Wale watu hawanijui kabisa, nikanung'unika, utadhani si mimi niliyewaambia kwamba hakuna cha kujua.

Wanasaikolojia wanalo jina la kile nilichokificha kwenye kiti na kukidai kwenye daladala. Patricia Linville, mtafiti wa Marekani, alilijengea hoja na kipimo katika makala mbili, moja ya mwaka 1985 na nyingine ya 1987. Kwa Kiswahili nitaliita uchangamano wa nafsi. Sikulifikia kwa njia ya mkato, na mambo niliyoyakuta njiani yanatuhusu zaidi kuliko istilahi yenyewe, kwa hiyo nianzie huko.

Upande wa usahili kwanza. Neno la kila siku ni rahisi, lakini jaribu kumwita mtu "mtu rahisi" uone kitakachokupata. Kiarabu kilichotupa neno hilo kililitumia kwa bei: kitu cha bei ya chini. Sisi tukalipanua likabeba na kutokuwa na ugumu, ila harufu ya sokoni haikulitoka. Hesabu ikiwa rahisi ni nafuu kwa mwanafunzi. Mtu akiwa rahisi ameshushwa thamani. "Mtu wa kawaida" nalo linasema jambo jingine, kwamba hajawapita wenzake. Mnyenyekevu ni sifa ya mwenendo: mtu anaweza kuwa mnyenyekevu na ndani yake mna vyumba saba, vitatu vimefungwa.

Linabaki sahili, ambalo wengi tulikutana nalo katika somo la sarufi na kuliacha hukohuko. Halina harufu ya sokoni wala ya kijiweni, na kwa istilahi ni heri. Tatizo lake ni majirani. Kiarabu kina mizizi mitatu ambayo sikio la Kiswahili limeisogeza karibu mno. Mmoja, wenye h nyepesi, ni wa wepesi, na ndio uliotupa sahili. Wa pili, wenye ile h ya kooni, ni wa pwani, na ndio uliotupa jina la lugha hii. Wa tatu hauna h hata kidogo; ni wa kuuliza, na humo mmetoka swali, suala, saili na usaili. Kiswahili kikaziunganisha h mbili zikawa moja, na wachapaji wa matangazo wakamalizia kazi kwa kuipachika hata pasipo nayo. Siwalaumu tena.

Kazi kubwa iko upande wa pili. Neno la kwanza linalomjia mfasiri yeyote ni utata, na nimeona wengi wakiishia hapo: utata wa nafsi, mtu tata. Mimi silitaki. Tata ni neno la uzi uliojisokota mpaka fundi cherehani anasonya. Watoto wake wote wana sura hiyo: tatiza, tatanisha, tatizo, na yule anayekuja kuokoa, tatua. Kilicho tata kinasubiri kutatuliwa. Ukiniambia nafsi yangu ina utata, umeniita mgonjwa au mshukiwa. Na mitaani hali ni mbaya zaidi: "jamaa mtata" ni yule ambaye ukimwona kwenye foleni unahamia foleni nyingine. Ugumu nao haufai. Mtu mgumu ni mchoyo, au ni yule ambaye hata ukimletea mashahidi saba habadili kauli.

Baada ya hapo nilifungua kabati la maneno tuliyo nayo kwa mtu mwenye pande nyingi, nikashtuka. Kigeugeu. Kinyonga. Ndumilakuwili. Mwenye sura mbili. Haeleweki. Ana mambo mengi. Karibu yote ni lawama. Sifa ziko kabati la jirani: hana makuu, hana mambo mengi, alivyo ndivyo alivyo. Nimehudhuria misiba mingi na sijawahi kusikia marehemu akisifiwa kwa kuwa na mambo mengi. Ndiyo maana sikuona aibu nilipokumbuka jibu langu la kwenye usaili. Lilikuwa adabu zaidi kuliko uongo. Anayejitangaza mbele ya wageni kwamba ana kina na pande nyingi, kwetu amejikweza; anayesema "sina mambo mengi" amebisha hodi vizuri.

Istilahi lakini haiwezi kuingia na lawama mkononi. Inapaswa kusema mtu alivyo bila kumhukumu. Hapo ndipo changamano lilipojitokeza, neno ambalo limekuwa likifanya kazi kimyakimya katika vitabu vya sarufi: sentensi sahili, sentensi ambatano, sentensi changamano. Wanahisabati nao wana namba changamano, yenye sehemu mbili zinazokaa pamoja bila moja kuimeza nyingine. Neno liko jirani na changanya, ila mwisho wake ni ule wa fungamana na shikamana: vitu vilivyokutana vikashikana, na kila kimoja bado kinaonekana.

Kuona tofauti hiyo kwa macho ilinibidi nikae barazani kwa shangazi yangu, Tanga, ambako kila alasiri anasuka ukili. Mbele yake huwa na mafungu ya chane za ukindu, meupe, mekundu na ya zambarau. Siku hiyo uzi wake wa kushonea mikeka ulikuwa umetatana, akaupapasa kidogo, akachoka, akachukua mkasi. Ukili uliokuwa mapajani mwake ulikuwa na vipande vingi kuliko uzi ule. Vinapita juu, vinazama chini, vinapishana. Lakini nikichagua chane moja nyekundu na kuifuata kwa jicho, naiona inapotokea na inapozamia mpaka inapoishia. Ule uzi ni utata. Ukili ni uchangamano, na hakuna mtu aliyewahi kuuona mkeka akafikiria kuutatua.

Nafsi halikunipa shida, lugha ilishalitayarisha. Tunasema nafsi inanisuta, na hapo tayari ndani ya mtu mmoja mna anayesuta na anayesutwa. Ile -ji- ya kujilaumu, kujikaza, kujiuliza inahitaji wawili kwenye ngozi moja. Na kuna bahati nyingine, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya: nafsi ni istilahi ya sarufi pia. Nafsi ya kwanza, mimi. Nafsi ya pili, wewe. Nafsi ya tatu, yeye. Mambo mengi ambayo wanasaikolojia wameyatafuta kuhusu usahili na uchangamano yamekaa katikati ya nafsi ya kwanza na ya tatu.

Chukua sentensi tatu. "Mimi ni mkali" ni sahili. "Mimi ni mkali lakini nasamehe upesi" ni ambatano; vishazi viwili huru vimeunganishwa. "Mimi huwa mkali ninapoona mtoto anaonewa" ni changamano, kwa sababu ya kishazi tegemezi kilichobebwa na ile -po-. Sasa msikilize mtu yeyote akijieleza kwa dakika tano. Atajaza -po- na -ki- mpaka zimwagike: nikichoka, ninapokuwa na wageni, nisipolala vizuri, wanaponiharakisha. Kisha mwambie amweleze jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Yule? Mkali." Nukta.

Mwaka 1973 Richard Nisbett na wenzake walilifanyia jambo hilo utafiti huko Marekani. Waliwapa wanafunzi jozi za sifa zinazopingana, na kwa kila jozi mtu aliweza kuchagua sifa moja, au kinyume chake, au jibu la tatu: inategemea hali. Walitakiwa kujieleza wenyewe, kisha wawaeleze wengine, akiwamo rafiki wa karibu, baba mzazi, na Walter Cronkite, mtangazaji wa habari wa televisheni aliyejulikana nchi nzima. Lile jibu la inategemea walilitumia zaidi kwao wenyewe. Mwalimu wa Kiswahili angesema walijipa kishazi tegemezi, wenzao wakawapa kishazi huru. Na kwa uzuri, neno la sarufi na neno la jibu yametoka kwenye kitenzi kimoja: tegemea, inategemea, tegemezi.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1988, Sande, Goethals na Radloff walibadilisha swali kidogo. Safari hii mtu aliruhusiwa kuchagua sifa zote mbili za jozi, kwa mfano awe makini na pia awe asiyejali sana mambo. Watu walijichagulia zote mbili mara nyingi kuliko walivyowachagulia wanaowafahamu. Naona utafiti huu ulikwenda mbali kuliko ule wa kwanza. Anayesema "inategemea" anaweza kuwa anamaanisha hana tabia ya kudumu, ni bendera. Anayesema "zote mbili" amedai mali: ninayo hii na hii, nazitoa kabatini kulingana na siku. Huo ndio uchangamano, na hapa unatofautiana na ukigeugeu.

Kiswahili kina hata kiambishi cha kumfungia mwenzako mlango: hu-. Nikichelewa mimi, nilichelewa. Palikuwa na mvua, palikuwa na foleni, gari liliharibika darajani. Akichelewa yeye, huyo huchelewa. Tazama kiambishi hicho kinavyofanya kazi: hakibebi nafsi, hakibebi wakati. Mimi huchelewa, wewe huchelewa, wao huchelewa, sura ni moja. Ni nadra kujitwika hu- kwa hiari katika jambo baya. Tukijitwika, tunaitanguliza kwa "kusema kweli".

Nisizidishe chumvi. Dai kubwa lililovuma katika vitabu, kwamba mtu hueleza sababu za matendo yake kwa kutaja hali na za wenzake kwa kutaja tabia, limetikisika. Bertram Malle alikusanya tafiti 173 mwaka 2006 akakuta kwamba kwa wastani tofauti hiyo ni kama haipo. Ninachokitetea ni kidogo zaidi: namna tunavyogawa sifa, ambayo si sawa na namna tunavyotaja sababu.

Wanaolijua jambo hili siku zote, bila utafiti, ni watabiri wa nyota. Soma safu yoyote ya nyota gazetini: wewe ni mcheshi, lakini kuna nyakati unapenda ukimya; unawaamini watu, ila umejifunza kutomwambia kila mtu siri zako. Msomaji anakata kipande anakiweka kwenye pochi. Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani, alilijaribu darasani mwaka 1948. Aliwapa wanafunzi 39 kila mmoja maelezo "yake" ya tabia, wakayapa alama za usahihi kati ya 0 na 5, wastani ukafika 4.26. Maelezo yalikuwa yaleyale kwa wote, na sehemu kubwa Forer aliyatoa kwenye kitabu cha nyota. Wengi hueleza matokeo hayo kwa kusema watu wanapenda kusifiwa. Mimi naona na jingine: maelezo yale yalikuwa na sentensi changamano, na mtu akipewa sentensi changamano anaamini kwamba hatimaye ametokea mtu aliyemwona.

Sasa Linville mwenyewe. Kwake uchangamano wa nafsi ulikuwa na vipimo viwili, na hiki cha pili ndicho husahaulika. Cha kwanza ni idadi: mtu anajiona ana pande ngapi, za kazi, za familia, za ibada, za michezo. Cha pili ni jinsi pande hizo zisivyoingiliana. Mfikirie mkulima. Mwenye shamba moja akipigwa na mafuriko ameisha. Mwenye mashamba matatu yuko salama zaidi, lakini ikiwa yote matatu yako bonde lilelile, mafuriko hayohayo yanayabeba kwa pamoja na wingi haukumsaidia. Anayepona ni yule mwenye moja bondeni, moja mlimani na moja ng'ambo ya mto. Linville alidai nafsi nayo iko hivyo. Mtu ambaye kazi yake, marafiki zake na heshima yake nyumbani ni kitu kimoja, akifukuzwa kazi anaanguka kila mahali. Katika makala ya 1987 aliwafuatilia wanafunzi kwa kuwapima mara mbili, wiki mbili zikipita katikati, akaona kwamba wale wenye uchangamano mkubwa hawakuelemewa sana na misukosuko: malalamiko ya mafua, maumivu ya mwili na huzuni yalikuwa machache kwao walipokuwa wamepita katika shida.

Kipimo chake nakipenda kwa sababu ni cha mikono. Unapewa kadi 33, kila moja ina sifa: mvivu, mwenye huruma, mpangilifu na kadhalika. Unazipanga mafungu, kila fungu likiwa upande mmoja wa maisha yako. Mafungu ni mangapi, utaamua mwenyewe. Sifa moja ikihitajika katika mafungu mawili, ruksa.

Hoja ya kwamba uchangamano ni kinga haikubaki bila upinzani. Mwaka 2002 Rafaeli-Mor na Steinberg walipitia tafiti zilizokwishafanywa wakakuta ushahidi ni mchanganyiko na kinga yenyewe ni dhaifu kuliko ilivyovuma. Kabla yao, mwaka 1993, Donahue na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba mtu anayejiona tofauti sana kutoka jukumu hadi jukumu huwa na mashaka zaidi, si utulivu zaidi. Hapo istilahi yetu inahitaji mwenza. Mtu ambaye vipande vyake havishikani ningemwita mwenye mpasuko wa nafsi, nikiliacha changamano kwa yule ambaye vipande vyake ni vingi na bado ni mkeka mmoja. Nyuzi za lugha zinakubali: kiambishi kile cha kushikamana kipo ndani ya changamana, na ndani ya pasuka hakipo.

Jambo moja bado linanikera katika tafiti hizi: nyingi zilifanywa kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Afrika Mashariki iliingia mwaka 1997, Ma na Schoeneman walipochapisha matokeo ya zoezi la zamani la kukamilisha "Mimi ni..." mara 20, safari hii kwa Wakenya na Wamarekani. Wamaasai na Wasamburu walijieleza zaidi kwa nafasi zao katika jamii; kwao yalikuwa kama majibu manane katika kila kumi. Wanafunzi wa chuo kikuu Nairobi walijibu karibu sawa na wenzao wa Marekani, kwa sifa zao binafsi, na wafanyakazi wa jijini Nairobi wakakaa katikati. Ni kishawishi kusema wa kwanza wana nafsi sahili. Mimi nasita. Mtu anayeorodhesha mke, mkwe, dada, mama mkubwa, shemeji, amekutajia majina ya mafungu. Hakukupa kadi zilizomo ndani yake. Shangazi yangu akiwa kwa mkwewe hazungumzi kwa sauti ile anayozungumza nayo kwa wanachama wenzake wa kikoba, ambako ndiye mshika ufunguo wa sanduku.

Ndiyo, nilimpelekea kadi. Nilikata karatasi za daftari nikaandika sifa 33 kwa kalamu ya wino, si kwa utafiti, ni mchezo wa barazani tu.

"Shikamoo, shangazi. Nisaidie kazi moja."

"Marahaba, mwanangu. Kama ni ya kusoma, miwani iko ndani."

Aliposikia masharti akaweka ukili kando. Aliuliza swali ambalo naamini Linville angelipenda: "Niwe mimi wa wapi? Wa hapa au wa sokoni?" Nikamwambia wote. Alianza kwa fungu la nyumbani, akaja la sokoni, la kikoba, la msibani, la kwa mkwe. Kadi ya "mkali" ilimsumbua. Akaihamisha, akairudisha, mwisho akaniagiza nikate nyingine mbili kama ile, kwa sababu ukali wa sokoni si wa nyumbani. Fungu la sita lilikuwa na kadi moja, "mwoga", na hakuniambia ni la wapi. Jua lilikuwa limeshafika ukutani alipomaliza.

Nikazikusanya kadi, nikazichanganya, nikamrudishia. "Sasa nipange mimi."

Hakuvaa hata miwani. Alizipitia kama anayechambua mchele, akatoa tatu, akazilaza jamvini mstari mmoja: mpole, mvivu, msomi. Zilizobaki akanisukumia.

"Basi?" nikamwuliza.

"Wewe nakujua," akasema, akarudi kwenye ukili wake.

Matatu kamili.